Hodi Katika Mji wa Mimba



Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi katika wodi za akina mama tumezoea kusikia maungamo ambayo hatukuyaomba. Mama amelazwa, mimba yake ya wiki saba au nane imetoka, na kabla hatujamaliza kumpima presha anaanza kujieleza. Alibeba ndoo ya maji kichwani. Alipanda pikipiki kwenye barabara yenye makorongo. Alikula nanasi. Alilia sana msibani. Mwingine hasemi neno, lakini mawifi waliomsindikiza wanamsemea, tena kwa sauti inayofika kitanda cha tatu, kwamba tumbo la huyu halishiki. Na huko mtaani yuko muuza dawa aliyekwisha kumwambia mume kwamba iko sindano ya kushikilia mimba, kilichobaki ni fedha tu.

Ndiyo maana mwezi huu tumeonelea tuzungumze juu ya siku za mwanzo kabisa za mimba, zile ambazo mama mwenyewe bado hajui kwamba amebeba. Ni somo gumu kidogo, lina maneno ya maabara, lakini tutakwenda nalo polepole. Mama akielewa kinachofanyika tumboni mwake katika siku hizo, ataona mwenyewe kwa nini ndoo ya maji haina hatia, na kwa nini sindano ya mtaani haiwezi kuokoa kila mimba inayotishia kutoka.

Ujumbe na mwenye kuupokea

Neno homoni wengi wetu tunalijua kutokana na mambo ya uzazi wa mpango. Homoni ni ujumbe ambao kiungo kimoja cha mwili hukitumia kiungo kingine kwa njia ya damu. Lakini damu inafika kila mahali, tangu utosini hadi nyayoni. Homoni inayotoka kwenye ovari inapita kwenye mji wa mimba, na inapita pia kwenye kiwiko. Mbona basi mji wa mimba ndio unaobadilika kila mwezi, na kiwiko kinabaki kiwiko?

Jibu ni kwamba mji wa mimba una vipokezi vingi mno. Vipokezi ni protini maalumu zilizomo ndani ya seli au juu ya utando wake, na kila kipokezi kina umbo la kushika homoni yake. Mfano mzuri ni redio. Mawimbi ya tangazo yanapita katika kila nyumba ya mtaa, ila anayelisikia ni yule aliyefungua redio na kutafuta stesheni ile. Homoni ikinaswa na kipokezi chake, seli huanza kazi mpya: kugawanyika, kutengeneza ute, kulainika, au kunyamaza.

Hapa ndipo watu wengi hupitwa. Homoni inaweza kuwa tele katika damu, lakini kama vipokezi ni vichache au havifanyi kazi, kwa mwili ni kama hakuna kilichotumwa. Jambo hili lilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1950 katika Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani. Elwood Jensen na mwenzake Herbert Jacobson waliitia homoni ya estrojeni alama hafifu ya mionzi, wakawadunga panya jike wachanga, kisha wakafuatilia inakokwenda. Katika damu na misuli homoni ilipita ikatoweka. Katika mji wa mimba ilishikwa, ikabaki vile vile ilivyoingia. Kulikuwa na kitu mle ndani kilichokuwa kinaishika, nacho ndicho kipokezi.

Safari ya siku kumi

Sasa tumfuate mtoto mwenyewe. Katika siku hizi za kwanza wataalamu humwita kiinitete, maana hana bado kichwa wala mkono, ni mkusanyiko wa seli tu.

Kabla yai halijapevuka, ovari hutoa estrojeni. Homoni hii huufanya utando wa ndani wa mji wa mimba unenepe, jambo ambalo wengi tulifundishwa shuleni. Ila inafanya na kazi ya pili isiyotajwa sana: inaufanya utando ule uote vipokezi vya homoni nyingine, projesteroni, ambayo bado haijatolewa kwa wingi. Yaani nyumba inatengenezewa masikio kabla mgeni hajafika. Mama ambaye hatua hii haikwenda sawa anaweza kupewa projesteroni baadaye na isisaidie kitu.

Yai likipevuka, kifuko kilicholibeba hakitupwi. Kinageuka kuwa tezi ndogo ya rangi ya manjano pale pale kwenye ovari, na tezi hiyo huanza kutoa projesteroni. Utando wa mji wa mimba, ambao sasa una vipokezi vyake, unaisikia. Unalainika, unajaa sukari na ute wa kumlisha mgeni, na misuli ya mji wa mimba inatulizwa isijibane. Baada ya siku kadhaa projesteroni hiyo hiyo inavipunguza vipokezi vya seli za juu kabisa za utando. Hilo nalo lina maana yake. Ni wakati huo tu, kwa siku chache, ambapo uso wa utando uko tayari kushikwa.

Kiinitete wakati huo kiko njiani. Yai lilikutana na mbegu ya mume katika mrija wa uzazi, likaanza kugawanyika, seli mbili, nne, nane, huku likisukumwa taratibu. Yapata siku ya nne linaingia katika mji wa mimba. Siku moja au mbili baadaye kiinitete kinatoboka kutoka kwenye ganda lake laini na kuanza kutafuta mahali pa kujishikiza.

Hapo ndipo kinapopiga hodi. Na hodi yake nayo ni homoni, ile inayoitwa hCG, inayotolewa na seli zake za nje, zile zitakazokuja kuwa kondo la nyuma. Homoni hiyo inaingia katika damu ya mama, inafika kwenye ovari, na inakuta vipokezi vyake juu ya ile tezi ya manjano. Tezi ile ina maisha ya wiki mbili tu. Isiposikia hodi inasinyaa, projesteroni inakauka, utando unabomoka, na mama anapata hedhi. Ikisikia, inaendelea na kazi. Kila mama aliyewahi kujifungua, mtoto wake alisikika hivyo, kabla ya kichefuchefu cha kwanza.

Tezi ile inaubeba mzigo huo kwa wiki kadhaa, hadi kondo la nyuma litakapoweza kutengeneza projesteroni ya kutosha lenyewe. Makabidhiano hayo hufanyika kama kati ya wiki ya saba na ya tisa ya mimba.

Zamani hodi hii ilitafutwa kwa njia ya kuchekesha. Kabla ya vijiti hivi vya kuchovya kwenye mkojo, hospitali nyingi duniani zilitumia chura mwenye makucha wa kusini mwa Afrika. Alidungwa mkojo wa mama, na kama mama ni mjamzito, chura alitaga mayai ndani ya siku moja. Kipimo hicho kilitokana na kazi iliyofanywa Cape Town katika miaka ya 1930, na Lancelot Hogben ni mmoja wa waliokianzisha. Chura yule hakuwa mganga. Alikuwa na vipokezi vinavyofanana na vyetu kiasi cha kuusikia ujumbe wa mtoto wa binadamu.

Wanyama nao wana hodi zao

Wale wanaofuga ng'ombe wa maziwa wanajua kwamba ng'ombe asiyeshika mimba hurudi kwenye joto baada ya siku kama 21. Hodi ya ndama si sawa na ya kwetu. Kiinitete cha ng'ombe hutoa protini iitwayo intaferoni tau, yapata siku ya 15 hadi ya 17. Protini hiyo inauzuia mji wa mimba usiote vipokezi vya homoni ya oksitosini. Vipokezi hivyo vingeota, ungetolewa ujumbe wa kuiua tezi ya manjano. Kwa hiyo ndama anaokolewa kwa kuziba masikio mahali fulani, wakati mtoto wetu anaokolewa kwa kusikika. Kwa nguruwe, kiinitete chenyewe hutoa estrojeni. Njia ni nyingi, ila zote zinapitia kwenye vipokezi.

Na wako wanyama ambao kiinitete chao hungoja. Panya anayenyonyesha akipata mimba nyingine, viinitete hukaa vimetulia katika mji wa mimba, havikui wala havifi, hadi estrojeni kidogo itolewe na kuviamsha. Paa wadogo wa Ulaya hupandana katikati ya mwaka, lakini kiinitete hakijishikizi hadi miezi mitano hivi imepita. Tunataja haya kwa uangalifu, maana tunawajua watu watakaoyachukua na kuyapeleka kwenye hadithi za mimba iliyokaa tumboni miaka miwili. Binadamu hana usingizi wa namna hiyo. Anayeambiwa kwamba mimba yake "imelala" aende akapigwe picha ya altrasaundi.

Nani anayehitaji masikio, mtoto au nyumba?

Swali hili liliwasumbua wataalamu kwa muda mrefu. Wengi waliamini kwamba kiinitete kisicho na vipokezi vya estrojeni kingekufa siku za mwanzo. Mwaka 1993 huko North Carolina, Marekani, Dennis Lubahn, Oliver Smithies, Kenneth Korach na wenzao walipata panya waliozaliwa bila kipokezi kikuu cha estrojeni. Kinyume cha matarajio, panya hao walizaliwa hai na wakakua. Ila majike yote yalikuwa tasa, na miji yao ya mimba haikuitikia estrojeni. Mwaka 1995, katika Chuo cha Udaktari cha Baylor mjini Houston, John Lydon, Bert O'Malley na wenzao walifanya vivyo hivyo kwa kipokezi cha projesteroni. Tena wachanga walizaliwa na kuishi. Tena majike hayakuzaa, kwa kuwa mayai hayakutoka na mji wa mimba haukuweza kujiandaa kupokea.

Ushahidi uliotugusa zaidi ni wa mwaka 1992. Colin Stewart na wenzake waliwachunguza panya jike ambao mji wao wa mimba ulikosa protini moja, ile ambayo kwa kawaida hutolewa kwa amri ya estrojeni wakati wa kiinitete kujishikiza. Viinitete vyao vilikuwa vizima, lakini vilielea tu, havikushika. Vilipohamishiwa kwa panya jike wa kawaida, vilishika na kukua.

Kwa hiyo, katika hatua hii, homoni za estrojeni na projesteroni zinasema zaidi na nyumba kuliko na mgeni. Tunajua mawifi wa wodini wakisikia hivi watasema, "Si tuliwaambia? Tumbo lake ndilo baya." La hasha. Kwanza, panya wale walikosa kipokezi tangu walipotungwa. Hakuna tabia, chakula wala mzigo uliowaondolea. Pili, kwa binadamu sababu inayoongoza ya mimba changa kutoka haimo kabisa katika nyumba. Karibu nusu ya mimba zinazotoka katika miezi mitatu ya kwanza, au zaidi, zina hitilafu ya kromosomu, yaani ule mpangilio wa urithi wa baba na mama haukukamilika sawasawa tangu yai na mbegu vilipokutana. Kiinitete cha namna hiyo hodi yake ni dhaifu, au inakoma katikati.

Mwaka 1988 Allen Wilcox na wenzake, huko huko North Carolina, walitoa matokeo ya kupima mkojo wa wanawake 221 waliokuwa wakitafuta mtoto. Zilipatikana mimba 198. Asilimia 22 ya mimba hizo zilikoma kabla hazijatambulika kwa njia ya kawaida. Ukijumlisha na zilizotoka baadaye, ilikuwa asilimia 31. Katika taarifa yao ya mwaka 1999 walionyesha kwamba kwa mimba zilizodumu angalau wiki sita, asilimia 84 zilikuwa zimejishikiza siku ya 8, ya 9 au ya 10 baada ya yai kupevuka. Waliojishikiza hadi siku ya 9, asilimia 13 ndizo zilizotoka mapema. Waliochelewa kupita siku ya 11, asilimia 82. Huenda kiinitete kilicho dhaifu ndicho kinachochelewa, huenda na mlango umeanza kufungwa. Vyovyote vile, wanawake wengi waliopoteza mimba hizo walidhani ni hedhi iliyochelewa siku mbili tatu, wakaendelea na kazi zao. Hakuna aliyewauliza walibeba nini.

Dawa iliyotolewa kwa nia njema

Sasa turudi kwa yule muuza sindano. Wazo lake si jipya. Mwaka 1929, katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, George Corner na mwanafunzi wake Willard Allen waliwatoa sungura wenye mimba zile tezi za manjano, na viinitete vikafa. Wengine wakawadunga maji yaliyotengenezwa kutokana na tezi hizo, na viinitete vikaishi. Hivyo ndivyo projesteroni ilivyopata sifa yake. Basi mtu akasema: kama mimba zinatoka kwa kukosa homoni, tuwaongezee akina mama homoni.

Mwaka 1938 Charles Dodds wa London na wenzake walitengeneza estrojeni ya kiwandani iliyoitwa diethilistilbestroli, kwa kifupi DES. Ilikuwa rahisi, ilimezwa kwa mdomo, na ilishika vipokezi vya estrojeni kwa nguvu. Katika miaka ya 1940 George na Olive Smith wa Boston waliipendekeza kwa kuzuia mimba kutoka, na madaktari wakaiandika kwa wingi, wakati mwingine hata kwa mama asiye na tatizo lolote. Mwaka 1953 William Dieckmann na wenzake wa Chicago waliwagawa wanawake kama 1,600 katika makundi mawili, moja likapewa DES na jingine vidonge visivyo na dawa. DES haikusaidia kitu. Tungetegemea hadithi iishie hapo. Haikuishia. Dawa iliendelea kutolewa kwa miaka mingine 18.

Miaka ya 1960, mjini Boston, waliletwa hospitalini wasichana wenye saratani ya uke ya aina ambayo karibu haionekani kwa watu wa umri wao. Madaktari hawakujua la kufikiri. Mama mmoja ndiye aliyeuliza kama yawezekana ni ile dawa aliyoimeza alipokuwa na mimba ya binti huyo. Swali la mama huyo lilifuatiliwa, na mwaka 1971 Arthur Herbst, Howard Ulfelder na David Poskanzer wakatangaza matokeo: kati ya wagonjwa wanane waliowachunguza, mama wa saba walikuwa wametumia DES wakati wa mimba. Mwishoni mwa mwaka huo huo mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya madaktari wasiwape tena wajawazito.

Saratani yenyewe iliwapata kama msichana mmoja kati ya elfu moja waliokuwa tumboni dawa ilipomezwa. Lakini wengi zaidi walikutwa na mji wa mimba wenye umbo lisilo la kawaida, na walipoolewa walipata shida ya kushika mimba, na ya kuifikisha mwisho. Tafakarini, wapendwa. Dawa ya kumzuia bibi asipoteze mimba ilikuja kumfanya binti yake apoteze zake.

Sababu imo katika vipokezi. Mtoto akiwa tumboni, viungo vyake vya uzazi vinavyojengwa vina vipokezi vya estrojeni, na vinatarajia kupata ujumbe huo kwa kipimo na kwa wakati wake. DES ilivisemesha kwa kelele wakati visivyopaswa kusemeshwa. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba panya wasio na kipokezi kikuu cha estrojeni hawapati madhara hayo ya DES hata wakipewa. Pasipo sikio, kelele hazikudhuru.

Projesteroni imepimwa

Projesteroni ya asili si DES, na haifai kuzitia katika kapu moja. Lakini nayo ilipaswa kupimwa kwa njia ile ile ya Chicago, na imepimwa. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Uingereza na Uholanzi, ukiongozwa na Arri Coomarasamy wa Birmingham. Wanawake 836 ambao mimba zao tatu au zaidi zilitoka bila sababu kujulikana walipewa, tangu kipimo cha mimba kionyeshe hadi wiki ya 12, ama projesteroni ama dawa bandia isiyo na kitu. Waliopata projesteroni, karibu 66 kati ya 100 walijifungua watoto hai. Waliopata dawa bandia, 63 kati ya 100. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuitegemea.

Tunaomba msiipite hiyo namba ya pili haraka. Ni wanawake waliopoteza mimba tatu au zaidi, hawakupewa homoni yoyote, na zaidi ya nusu yao walibeba mtoto mikononi. Ndiyo maana ukisikia dawa ya kienyeji au ya dukani "iliyomfaa" fulani, kuna uwezekano mkubwa kwamba angezaa hata bila hiyo, na muuzaji amechukua sifa na fedha.

Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa pili, mkubwa zaidi, wa wanawake 4,153 wa Uingereza waliokuwa wakitokwa na damu katika mimba changa. Kwa jumla waliojifungua watoto hai walikuwa asilimia 75 kwa 72, tena tofauti ndogo. Lakini kwa wale waliokuwa wanatokwa na damu na pia walikwisha kupoteza mimba tatu au zaidi, ilikuwa asilimia 72 kwa 57. Hiyo si ndogo. Kutokana na hayo, tangu mwaka 2021 mwongozo wa Uingereza unashauri kwamba mama anayetokwa na damu katika mimba changa, aliyewahi kupoteza angalau mimba moja, na ambaye altrasaundi imeonyesha mimba iko ndani ya mji wa mimba, apewe projesteroni ya asili ya kuweka ukeni, miligramu 400 mara mbili kwa siku. Ikithibitika kwamba mapigo ya moyo wa mtoto yapo, anaendelea nayo hadi wiki 16. Basi dawa hii ina mtu wake. Asiyetokwa na damu, na ambaye hajawahi kupoteza mimba, siye huyo.

Tunaulizwa pia: mbona sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango ina homoni ya jamii ya projesteroni, na yenyewe inazuia mimba? Kwa sababu inafika mapema na mahali pengine. Inashika vipokezi vilivyoko kwenye ubongo, yai lisipevuke, na inaufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito. Ujumbe ni wa namna moja, ila umesikilizwa na wengine na kwa wakati mwingine.

Mama afanye nini?

Ukiona damu katika mimba changa, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usianzie dukani. Kinachotakiwa kujulikana kwanza ni mimba iko wapi. Mimba iliyotunga kwenye mrija nayo hutoa hCG, kijiti kinaonyesha mistari miwili kama kawaida, na mama aliyechomwa sindano ya "kushikilia" anaweza kukaa nyumbani akingoja hadi mrija upasuke. Maumivu makali upande mmoja wa chini ya tumbo, kizunguzungu, kuzirai, au maumivu kwenye ncha ya bega, hayo ni ya kukimbizwa hospitali yenye chumba cha upasuaji, usiku au mchana.

Kulala kitandani wiki nzima hakujaonyeshwa kuzuia mimba kutoka. Kama mume na mawifi wanataka kusaidia kwa kuteka maji na kufua, wapokelewe kwa shukrani, lakini mama asitishwe kwamba akiinuka ataua mtoto.

Mimba zikitoka mara mbili au tatu mfululizo, omba kuchunguzwa, wewe na mumeo pamoja. Katika maeneo yetu tunapima kaswende na malaria, tunapima sukari, na pale inapowezekana tezi ya shingoni. Liko pia tatizo la damu kuganda kupita kiasi wakati wa mimba, ambalo lina matibabu yake, na si homoni.

Na mkija kliniki, njooni na kila mlichokwisha kutumia: pakiti ya vidonge, kichupa cha sindano hata kikiwa kitupu, na chupa ya mitishamba. Hatutamkaripia mtu. Tunataka tusome kwenye lebo ni homoni gani, ya asili au ya kiwandani, na ni kiasi gani kimekwisha ingia mwilini, kabla daktari hajaandika nyingine.